Saa Nzima na Helmeti Kichwani

Sajenti aliniudhi siku ya kwanza kabisa, na kwa kuwa sasa hayupo kunikatiza, nitaanza na hilo.

Nilikuwa ndio nimeanza kuendesha boda hapa Voi, mwanamke wa pili katika steji yetu, na nilihitaji helmeti. Wenzangu wakanielekeza kwenye kibanda cha mabati upande wa kwenda mtaa wa Sofia. Nilimkuta mzee mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka mikono yake imesimama, anasugua kioo cha helmeti kwa kipande cha nepi ya mtoto. Nikamwambia nataka ile nyekundu. Akanitazama kichwani, si usoni, kwa muda mrefu.

"Fumua nywele," akasema.

"Nifumue nini?"

"Hizo rasta. Umezibeba kama mzigo wa kuni. Helmeti itakaa juu ya nywele, haitakaa juu ya kichwa. Ukishafumua, uje na saa moja ya kukaa. Utavua viatu, utavaa helmeti, utakaa pale kwenye stuli. Hutaishika, hutashika simu. Saa nzima. Ikiisha ndio tutajua kama ni yako."

"Na nisipokaa?"

"Basi sikuuzii."

Nilikuwa nimesukwa jana yake tu, nimekalia kiti cha msusi toka asubuhi mpaka alasiri, na kiuno kilikuwa bado kinaniuma. Nikamwambia mzee amepungukiwa. Nikaenda kununua helmeti kwa mchuuzi wa barabarani, nikaivaa juu ya rasta zangu nikiwa na hasira tele. Siku ya tatu nilipeleka abiria Mwatate na kurudi. Nilipofika nyumbani, paji la uso lilikuwa na alama nyekundu kama nimepigwa mwiko, na watoto wangu walinipita kimyakimya kwa jinsi nilivyokuwa nimenuna. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa Sajenti, nywele nimefumua, kitambaa kichwani. Hakucheka, wala hakusema "nilikwambia." Alinionyesha mahali pa kuweka viatu, akageuza saa yake ya mezani nisiione.

Nilikaa. Dakika za mwanzo nilijiona mjinga. Baadaye nikaanza kusikia kitu juu ya sikio la kulia, kidogo sana, kama punje ya mchanga. Nikanyamaza nisionekane mlalamishi. Yeye alikuwa ameinama anakata sponji, lakini bila kuinua kichwa akauliza, "Ni kulia au kushoto?"

"Umejuaje?"

"Vidole vyako vya miguu vimejikunja."

Hiyo ndiyo siri yake ya kwanza niliyoijua. Mtu anaweza kuuzuia uso usionyeshe maumivu, na mdomo ndio rahisi zaidi kuzuia, lakini ni wachache wanaokumbuka kuvizuia vidole vya miguu. Ndiyo maana kila mteja alivua viatu mlangoni, na wapita njia wakadhani kibanda kile ni mahali pa maombi.

Alikuwa na msemo ambao steji nzima tuliukariri kwa kumuigiza, mikono nyuma, kidevu juu: "Dakika kumi za kwanza ni za kofia. Mpaka ishirini ni za adabu. Zikipita thelathini ndio ukweli unaanza." Maana yake ni kwamba helmeti yoyote ni nzuri ukiivaa dukani. Ukianza kuumia, kwanza unaona haya kusema. Muda ukizidi, haya inaisha na kichwa kinasema chenyewe. Tulimcheka sana kwa msemo huo. Leo nautumia kwa mambo mengi, hata kwa wanaume.

Kazi aliyofanya maisha yake yote ilikuwa kuwavisha marubani wa ndege za vita helmeti, katika kambi moja huko bara. Hakuwahi kuruka. Tena, mtu huyu aliyekaa miaka na miaka miongoni mwa ndege zinazopasua anga alikuwa anaogopa ngazi. Bati la kibanda lilipong'oka kwa upepo, nilipanda mimi kulipigilia misumari, yeye amesimama chini ameshika ngazi kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

Lakini ukimuuliza juu ya helmeti zile, hofu yote ilimtoka. Alinieleza mara nyingi hata nikazijua kama nimezishika. Ganda la nje ni la nyuzi ngumu zilizogandishwa kwa gundi, jepesi kuliko unavyodhani. Ndani yake sponji ngumu ya kumeza kishindo. Ndani ya hiyo, tabaka la plastiki linalopashwa moto, kisha rubani anavishwa likiwa bado vuguvugu na kukandamizwa, mpaka linachukua umbo la fuvu lake yeye peke yake. Vikombe vya masikioni vya kuzuia mngurumo wa injini. Vioo viwili, cheusi cha jua na cheupe cha mawingu, na kimoja lazima kiwe chini rubani anaporushwa nje ya ndege, kwa sababu upepo wa kule ungemng'oa kope. Barakoa ya hewa inanasa mashavuni kwa ndoana mbili za chuma, na maikrofoni imo ndani ya barakoa, karibu na midomo. Halafu mkanda wa kidevu. Halafu mkanda wa kisogoni, ambao kila mtu anausahau, na ndio unaozuia helmeti isichomoke.

"Gorogoro moja ya mahindi," alikuwa akisema, akipima hewani kwa kiganja kana kwamba ameshika kopo lile la kilo mbili. "Helmeti na vikorokoro vyake haizidi hapo sana. Sasa rubani akikata kona kali, kila kitu mwilini mwake kinakuwa kizito mara saba, mara nane. Ile gorogoro inakuwa debe. Umebeba debe la mahindi kwa shingo, na bado unatakiwa ugeuke utafute adui. Kwa hivyo fundi haongezi hata punje."

Na kweli hakuongeza. Vijana wa steji walipenda kubandika stika kwenye helmeti, simba, jina la timu, mstari wa Zaburi. Yeye alizibandua zote kwa wembe. Alibakiza utepe unaong'aa usiku tu, na hata huo aliukata mwembamba.

Vichwa vya watu alivijua kuliko majina yao. Alikuwa na daftari lililojaa michoro ya mafuvu, ubavuni na kisogoni, na vipimo vyake. Kanisani alikaa nyuma kabisa, na nilidhani ni unyenyekevu mpaka siku aliponinong'oneza wakati wa mahubiri kwamba mzee wa kanisa wa safu ya pili ana kisogo bapa kama kibao cha chapati, na helmeti yoyote ingemlalia usoni. Nilicheka kwa sauti. Mhubiri alinikazia macho mimi, si yeye, maana yeye alikuwa tayari amefungua kitabu cha nyimbo.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyooka pande zote. Alijali dakika za wengine lakini yeye mwenyewe alichelewa kila mahali, harusi, mazishi, hata kura. Aliwadharau wastaafu wanaopenda kuitwa kwa vyeo, ila ukimwita "mzee" hakuitika. Na kubwa kuliko yote, mtu huyu aliyetunyima helmeti mpaka tukae saa nzima alipanda boda kichwa wazi. Alikaa nyuma amevaa kofia yake ya kitambaa, mkono mmoja ameishikilia isipeperuke. Nilimgombeza mara ngapi! Jibu lake lilikuwa moja.

"Fundi hajipimi mwenyewe."

"Nikupime mimi basi."

"Hujui."

"Nifundishe."

Akanifundisha. Mwanzo nadhani alitaka tu kuninyamazisha. Siku ambazo abiria hawakuwepo nilikaa naye, nikajifunza kushika kipimo chake cha mbao, kukata sponji kwa mshazari, kupitisha kidole gumba ndani ya ganda polepole kutafuta uvimbe ambao jicho haliuoni. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea aliitupa sponji yangu nje mlangoni bila kusema kitu, nami nikaenda kuiokota vumbini na kuanza tena.

Nilijifunza pia kupitia simu yangu. Nilikuwa nikimtafutia picha za helmeti za siku hizi, zile ambazo rubani anaona namba za mwendo na kimo zikielea kwenye kioo mbele ya jicho, na akigeuza kichwa kutazama kitu, silaha nazo zinajua anatazama wapi. Nyingine zina kamera nje ya ndege, hata rubani akitazama sakafu anaona ardhi chini ya miguu yake kana kwamba sakafu haipo. Aliisogeza simu karibu na pua, maana jicho la kushoto lilikuwa limeanza ukungu. Nilidhani atashangaa.

"Na kichwa?" akauliza.

"Kichwa gani?"

"Cha rubani. Nacho wamekibadilisha?"

"Hapana, si ni kile kile."

"Basi kazi ni ile ile. Hiyo kompyuta yote imekalia sponji. Helmeti ikisogea kidogo tu, picha inatoka jichoni, na rubani amebaki kipofu mwenye mtambo ghali. Mwambie aliyepiga hii picha anionyeshe ndani, aache kunionyesha nje."

Sasa nifike kwenye ile helmeti ya rafu ya juu.

Ilikuwa imefunikwa kwa taulo jeupe. Kila jioni kabla ya kufunga aliishusha, akaisugua kidogo kwa msasa ndani, akairudisha. Ilikuwa helmeti ya pikipiki, lakini ndani aliitengeneza jinsi alivyotengeneza zile za kambini, kwa tabaka la plastiki alilolipasha moto juu ya jiko la makaa. Wateja waliiulizia, akasema ina mwenyewe. Mimi nilidhani ni ya mtu mkubwa serikalini.

Alinieleza alasiri moja ya mvua, maji yanapiga bati hata tukalazimika kupaza sauti. Ajabu ni kwamba jambo alilolificha muda wote huo alilisema kwa kupiga kelele.

Helmeti ilikuwa ya rubani mmoja aliyemvisha zamani. Siku moja rubani huyo alikuja kupimwa helmeti mpya, akakaa kwenye kiti. Sheria ya kambi ilikuwa saa nzima. Ilipofika nusu saa, Sajenti akamuuliza kama yuko sawa. Rubani akasema yuko sawa. Marubani husema hivyo siku zote, akaniambia, kwa sababu anayelalamika huambiwa akae chini asiruke, na rubani hachukii kitu kama kukaa chini. Rubani alikuwa amevaa buti, kwa hivyo vidole havikuonekana. Ile nusu saa iliyobaki ndiyo ingemwambia ukweli.

"Lakini gari la kwenda mjini lilikuwa linaondoka," Sajenti akasema. "Na mimi nilikuwa na ruhusa ya wikendi. Nikaandika kwa fomu 'saa moja kamili.' Nikatia sahihi. Nikakimbilia gari."

Wiki iliyofuata rubani alikuwa angani, na mahali fulani juu ya sikio la kushoto helmeti ikaanza kumchoma kama kaa la moto. Akaulegeza mkanda wa kisogoni, kidogo tu, apate nafuu. Muda mfupi baadaye injini ikazima. Akavuta mpini wa kiti, kiti kikamrusha nje, na upepo ukaichukua helmeti. Alitua na kichwa wazi kwenye mawe. Alipona, lakini sikio la kushoto halikusikia tena, na hakuruka tena. Waliochunguza waliikuta fomu imejazwa vizuri na mkanda umelegezwa, wakaandika kwamba rubani alizembea. Aliondoka jeshini na barua hiyo. Sajenti alibaki, akapandishwa cheo, akastaafu kwa heshima.

"Hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Na yeye?"

Akasema mama mmoja anayeleta maharagwe sokoni kutoka Njukini alikuwa amemsimulia juu ya mkulima wa kule, mtu mpole, zamani alikuwa rubani, ukimsalimia anakugeuzia sikio la kulia. Ilikuwa mwaka wa nne tangu asikie habari hiyo. Alikuwa anamtengenezea ile helmeti kwa vipimo vyake vya zamani vya daftarini. Ikiisha, atampelekea, na atamwambia kwa mdomo wake.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, na sijui lipi lilizidi. Mtu mmoja alikuwa analima Njukini akiamini kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioharibu maisha yake, na mwingine alikuwa Voi anasugua kwa msasa. Siku ile nilirudi zangu stejini. Lakini nilianza kuitazama ile helmeti kwa jicho la fundi, na kila nilipopitisha kidole gumba ndani sikukuta hata uvimbe mmoja. Wakati huohuo nikaona mikono ya Sajenti inaanza kutetemeka. Kwanza kikombe cha chai, baadaye wembe. Daktari alimpa jina la ugonjwa na vidonge. Siku moja alikata sponji mara tatu na mara tatu ikatoka mbaya, akaitupa yeye mwenyewe nje mlangoni. Sikwenda kuiokota.

"Sajenti," nikasema, "hii helmeti iliisha mwaka jana."

"Bado kidogo."

"Haijabaki kitu. Unasugua nini?"

"Hujui kazi hii."

"Naijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Umemaliza dakika za adabu, mzee. Jumamosi nakupeleka Njukini."

Nilimwita mzee makusudi. Aliinua kichwa kunifokea, halafu akakiinamisha. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu aliyeona mlango wa kutokea, "Mimi sina helmeti. Na safari ni ndefu."

"Basi vua viatu," nikamwambia.

Sijawahi kuona mteja mbaya kama yule. Nilimpima kwa kipimo chake mwenyewe, nikamkatia sponji, nikamkalisha kwenye stuli, nikageuza saa. Alilalamika joto. Alitaka kujua muda. Aliinua mkono kuishika helmeti nikaupiga kofi. Alipofika dakika ya thelathini na kitu vidole vyake vilijikunja, vidole virefu vya kizee vyenye kucha za manjano, nami nikauliza, "Mbele au nyuma?" Akasema, "Nyuma," kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka chini ya kioo. Nikairekebisha. Tukaanza saa upya.

Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Helmeti ya rubani niliifunga kwenye begi kifuani kwangu, yeye akakaa nyuma amenishika mabega. Tulipita Mwatate, Bura, Maktau. Ndani ya mbuga tulisimama kungoja tembo wavuke, akaniuliza kama naona haja ya kurudi. Nikamwambia tembo ndio wanaovuka, sisi tunaendelea. Kutoka Taveta tulishika njia ya Njukini, mlima ukiwa upande wa kushoto, mweupe juu, na mashamba ya migomba na mahindi yanayonyweshwa kwa mifereji. Tuliulizia nyumba ya rubani mara mbili tu.

Tulimkuta mferejini, gambuti za mpira miguuni, jembe mkononi, anageuzia maji upande wa maharagwe. Alikuwa mtu mfupi, mnene kiasi. Nilitoa salamu, akageuza kichwa kunipa sikio la kulia, na alipogeuka nikaona kovu juu ya lile la kushoto, refu, nywele hazikuota hapo. Sajenti alivua helmeti yake. Hawakuwa wameonana toka ujana, lakini rubani alimtambua papo hapo.

"Sajenti."

"Afande."

Akapiga saluti katikati ya maharagwe. Mkono ulitetemeka mpaka kwenye paji la uso na ukaendelea kutetemeka pale. Halafu akasema yote, bila kuzunguka, kwa sauti ya kutosha sikio moja: nusu saa, fomu, gari la kwenda mjini. Ile sehemu ya kutosema wakati wa uchunguzi aliirudia mara mbili.

Rubani alikuwa anakwangua matope kwenye jembe kwa kidole gumba. Maji ya mfereji yalianza kumwagika njiani na hakuyaona.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema mwishowe. "Mkanda niliulegeza mimi."

"Ndiyo, afande. Mimi ndiye niliyekupa sababu ya kuulegeza."

"Unajua baba yangu alikufa akiamini hivyo? Kwamba mwanawe ni mzembe? Aliisikia ile barua, Sajenti. Nilimsomea mimi."

"Sikujua, afande."

"Hukuuliza." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nenda nyumbani."

Nilishika usukani wa pikipiki. Nilidhani yameisha. Lakini Sajenti, ambaye kwa miaka minne hakuthubutu kuja, hakusogeza hata mguu.

"Siendi, afande. Sijamaliza kazi yangu. Ulikaa nusu saa, imebaki nusu. Ukishaivaa mpaka mwisho utanifukuza, nami nitakwenda."

Nikafungua begi, nikatoa helmeti, nikaondoa taulo. Rubani aliitazama muda mrefu. Aliichukua, akaigeuza, akaingiza mkono ndani na kupapasa, kama anatafuta kitu alichokisahau humo. Kisha akalisimika jembe ardhini, akageuza kreti ya nyanya, akaikalia, akaivaa. Alifunga mkanda wa kidevu mwenyewe.

"Nani anashika saa?"

"Mimi," nikasema. Nilitazama simu. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Tukakaa. Sajenti alisimama, hakukubali kuketi. Dakika kumi. Nilikwenda kuziba mfereji kwa udongo maji yasiendelee kupotea, nikarudi. Dakika ishirini. Rubani alitazama mlima, uso wake hausomeki. Nilimwona Sajenti akitazama chini, miguuni pa rubani, na nikaelewa anachokitafuta, na kwamba hakukiona kwa sababu ya gambuti. Dakika thelathini. Hapo ndipo alipotia sahihi zamani zile. Nilikuwa nimepitisha kidole mwenyewe, nilijua hakuna uvimbe, na nilitaka ipite saa nzima bila neno, mzee apumzike.

Dakika ya thelathini na nne rubani aliinua mkono, akagusa juu ya sikio la kushoto.

"Hapa," akasema. "Panauma."

Sajenti alimvua helmeti kwa mikono miwili. Akaweka kidole gumba kwenye kovu, taratibu, na rubani akamwachia. Chini ya kovu mfupa ulikuwa umeungana vibaya, umeinuka. Daftarini haukuwemo.

"Nilikutengenezea kichwa cha zamani, afande," akasema. "Kile cha kabla yangu." Akalia, wazi, bila kujificha, huku mkono mmoja unatafuta msasa mfukoni.

Nilishika ganda lisitikisike, yeye akasugua. Mkono ulitetemeka, lakini kwa kusugua mtetemo hauna ubaya. Alipapasa kovu, akasugua, akapapasa tena. Ilichukua muda. Kisha akamvisha.

"Sasa iko sawa," rubani akasema. "Andika."

"Bado, afande. Tunaanza upya. Saa nzima."

Rubani alimtazama kupitia kioo. "Ulikuwa unatazama nini miguuni pangu muda wote ule?"

"Vidole, afande. Mtu akiumia kichwa, vidole vya miguu hujikunja. Siku ile ulikuwa na buti."

Nikaanza kuhesabu saa upya. Rubani aliinama, akavua gambuti ya kulia, akavua ya kushoto, akaweka miguu yake mitupu kwenye udongo mbele ya Sajenti.